Kikoa si Mali ya Mpishi

Kuna chama kidogo cha wazazi wa watoto wenye ulemavu ambacho kwa muda mrefu nimekisaidia kuandika katiba na taarifa zake za mwaka. Kilikuwa na tovuti yake, jina likiishia na .org. Kijana aliyeitengeneza alilisajili jina lile kwa jina lake mwenyewe, kisha akahamia mji mwingine, na ada ya mwaka ikapita bila kulipwa. Miezi michache baadaye mama mmoja alinipigia simu kwa sauti ya aibu. Ukifungua anwani iliyochapishwa kwenye vipeperushi vyao vyote, aliniambia, unakutana na matangazo ya kamari. Nilimwandikia msajili aliyeliuza jina lile. Jibu lake lilikuwa la mistari miwili: jina limeuzwa kihalali, na chama hakina dai lolote juu yake kwa kuwa hakikuwahi kuwa mteja.

Nilikasirika. Hasira ilipotulia, nilitambua kwamba jibu lile, pamoja na ukatili wake, lilikuwa sahihi. Katika uchumi wa majina ya intaneti hakuna hata mmoja wetu anayemiliki jina. Sote tumepanga. Na mpangaji mwenye busara haulizi kodi peke yake. Huuliza pia mwenye nyumba ni nani, na kama nyumba inaweza kuuzwa yeye akiwa usingizini. Kuhusu chama kile, kosa lilikuwa letu, na dawa yake ni rahisi. Ninalotaka kulijadili leo ni swali kubwa zaidi, la mwenye nyumba, ambalo wanafunzi wangu, wanaharakati na watumishi wa umma ninaokutana nao hulitupa haraka kwa maneno yale yale: hilo waachieni watu wa kompyuta.

Tuanze na jinsi mambo yalivyopangwa. Kila jina la tovuti lina mkia: .com, .org, .tz, .ke. Kila mkia una daftari kuu moja tu duniani, na daftari hilo lina mtunzaji mmoja. Wasajili wanaotuuzia majina ni wengi kama wachuuzi wa sokoni; ukichoshwa na mmoja unahamia kwa mwingine, na jina lako unakwenda nalo. Mtunzaji wa daftari huwezi kumhama. Ukimkimbia unaliacha jina, na pamoja nalo unaacha anwani za barua pepe, vipeperushi, mihuri, barua kwa wafadhili na kumbukumbu za miaka. Huu ni ukiritimba usiokwepeka, maana jina moja haliwezi kuandikwa katika madaftari mawili yanayopingana. Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimekabidhi daftari kwa asasi isiyotafuta faida. Ufaransa ina chama kiitwacho AFNIC kwa ajili ya .fr, Uingereza ina Nominet kwa ajili ya.uk, Kenya iliunda KeNIC mwaka 2002, Tanzania iliunda tzNIC mwaka 2006.

Kiswahili kimeliita eneo hili la majina kikoa, na sijui kama walioteua neno hilo walikusudia busara iliyomo ndani yake. Kula kikoa, kwa watu wa pwani, ni kula pamoja kwa zamu: leo unapika wewe, kesho mwenzako, na wote hula. Mpishi wa leo anaheshimiwa, na gharama zake zinafahamika. Lakini hana mamlaka ya kwenda sokoni kuwauza walaji.

Mwaka 2019 mpishi alikwenda sokoni.

Mkia wa .org ulianza kutumika mwaka 1985, na baada ya muda ukawa makao ya vyama vya hiari, misikiti, makanisa, mashirika ya haki za binadamu, maktaba na vikundi vya utafiti. Tangu mwaka 2003 daftari lake limetunzwa na Public Interest Registry, asasi isiyo ya faida iliyoundwa na Internet Society, ambayo nayo si ya faida. Mapato ya daftari, makumi ya mamilioni ya dola kila mwaka, yaligharimia kazi za Internet Society duniani. Mpango huo ulikuwa mzuri, na wengi wetu tuliuamini bila kuuliza maswali.

Mwezi Juni mwaka 2019 ICANN, shirika la Los Angeles linalosimamia mfumo mzima wa majina, lilifuta kikomo cha bei kilichokuwa kwenye mkataba wa .org, ingawa lilikuwa limepokea maoni zaidi ya 3,000 na karibu yote yalipinga. Haikupita miezi mitano. Tarehe 13 Novemba Internet Society ilitangaza kwamba imekubali kuiuza Public Interest Registry kwa Ethos Capital, kampuni ya uwekezaji iliyokuwa imeanzishwa mwaka huo huo, kwa dola bilioni 1.135. Mtunzaji wa daftari angeacha kuwa asasi isiyo ya faida na kuwa kampuni ya faida. Juu ya hayo, angebebeshwa deni la dola milioni 360, yaani mikopo ya kumnunulia yeye mwenyewe. Miongoni mwa washauri wa mnunuzi alikuwa Fadi Chehadé, aliyewahi kuwa mkurugenzi mkuu wa ICANN.

Wenye majina ya .org walikuwa zaidi ya milioni 10, na hakuna aliyewauliza. Walisoma habari hiyo baada ya bodi kuamua.

Nitatenda haki kwa wauzaji, kwa sababu hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema kwamba kutegemea chanzo kimoja cha mapato ni hatari, na kwamba fedha za mauzo zingewapa mfuko wa kudumu wa kueneza intaneti kwa watu wasioifikia, wakiwamo wa bara letu. Mnunuzi naye aliahidi kwamba kwa miaka minane bei isingepanda kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka kwa wastani, na kwamba kungekuwa na baraza la kulinda uhuru wa kujieleza.

Hesabu ya kwanza yeyote anaweza kuifanya. Asilimia 10 kila mwaka kwa miaka minane huifanya bei kuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya mwanzo, na baada ya hapo ahadi inakwisha. Lakini bei ndilo jambo dogo. Aliyeshika daftari anaweza kulizima jina. Kampuni yenye deni na wawekezaji wanaosubiri faida, ikipokea barua kali kutoka kwa serikali yenye soko kubwa ikitaka jina la shirika fulani la haki za binadamu liondolewe, itapima barua ile kwa mizani gani? Na wale masikini wa bara letu waliotajwa kama wanufaika wa mauzo ndio hao hao ambao vyama vyao vingelipa ada zilizopanda. Huwezi kumuuza mtu kisha ukamtumia nauli ya pole.

Mauzo yalizuiwa. Mashirika yalipiga kelele, watu wakaandamana mbele ya ofisi za ICANN mwezi Januari 2020, mwanasheria mkuu wa California akaandika barua ya kupinga tarehe 15 Aprili, na tarehe 30 Aprili bodi ya ICANN ikakataa kutoa idhini. Tulishangilia. Mimi nasema tulishangilia mapema mno na tukajifunza kidogo mno. Tazama ni nini kilichotuokoa. Katiba ya asasi haikuzuia kitu, wala hadhi yake ya kutotafuta faida, wala kura ya watumiaji ambayo haikuwapo. Tuliokolewa na kelele, na barua ya afisa wa jimbo moja la Marekani ambaye mpiga kura wa Mwanza au Kisumu hakumchagua na hawezi kumwondoa. Siku nyingine afisa huyo anaweza kuwa na shughuli nyingine.

Linganisha na yaliyotokea Uingereza mwaka uliofuata. Nominet ni kampuni isiyo na wanahisa, inayomilikiwa na wanachama wake, wengi wao wasajili wa majina. Wanachama walilalamika kwamba bei na malipo ya wakuu yamepanda huku michango kwa kazi za jamii ikishuka. Waliitisha mkutano mkuu wa dharura, na tarehe 22 Machi 2021 wakawaondoa wakurugenzi watano, akiwamo mwenyekiti, kwa asilimia 52.74 ya kura. Mkurugenzi mtendaji alikuwa amejiuzulu katika mkesha wa kura hiyo. Demokrasia ile ina kasoro, kwa kuwa mwenye majina mengi ana kura nyingi. Hata hivyo kulikuwa na kura, na viongozi walikuwa na mtu wa kumwogopa.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Maneno "isiyo ya faida" yanatuambia fedha haziendi wapi. Hayatuambii nani anaamua. Kwa miaka mingi tumeyatumia kama hirizi: tukiyaona mlangoni tunavua viatu na kuingia bila kuuliza. Asasi isiyo ya faida ambayo watumiaji wake hawana kiti, hawana kura na hawana rufaa ni kampuni binafsi iliyochelewa kuuzwa, au idara ya serikali iliyovaa kanzu ya kiraia.

Sasa turudi nyumbani, maana si haki kuikemea Virginia na kuinyamazia Dar es Salaam. Kikoa cha .tz kilianza kusimamiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2006 tzNIC ilipoundwa, waanzilishi walikuwa wawili: Mamlaka ya Mawasiliano na chama cha watoa huduma za intaneti. Mdhibiti na wafanyabiashara. Shule yenye jina la .sc.tz, chama chenye .or.tz na mfanyabiashara mdogo mwenye .co.tz walikuwa wateja tu, watu wa kulipa ada. Wakati ule huenda ilikuwa sawa. Majina yalikuwa machache na kazi ilikuwa kuwasha mitambo. Leo si sawa tena, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba jina limekuwa jambo la sheria na jinai. Mwezi Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alifikishwa katika Mahakama ya Kisutu, na moja ya mashtaka lilikuwa kuendesha mtandao usiotumia kikoa cha .tz, kinyume cha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Siingii katika mashauri yale; natazama shtaka lenyewe. Sheria ikinilazimisha kula kwenye chungu hiki na si kingine, basi nina haki ya kuingia jikoni. Haiwezekani matumizi yawe wajibu wa raia na usimamizi uwe siri ya wachache.

Sababu ya pili ni kwamba mpangaji asiye na sauti hulindwa na tabia njema ya mwenye nyumba peke yake, na tabia njema hustaafu pamoja na mtu.

Kwa hiyo nadai mambo manne, kwa .tz na kwa majirani zetu vilevile. Wenye majina wachague wajumbe wao katika chombo chochote kinachotunza daftari, wasiteuliwe kwa niaba yao. Iandikwe kwamba daftari ni amana, haliuzwi wala halihamishwi bila mjadala wa hadhara, kama vile mali ya wakfu isivyouzwa na msimamizi wake. Jina lisizimwe bila sababu ya maandishi na nafasi ya kukata rufaa kwa chombo huru. Na hesabu zichapishwe kila mwaka, kwa lugha ambayo mwenye duka la vifaa vya shule anaweza kuisoma.

Wapo watakaoniambia kwamba ushirikishwaji huchelewesha kazi na kwamba usalama wa taifa unahitaji mkono mmoja. Mkono mmoja ndio huo huo uliokaribia kuiuza .org. Wengi wenye kelele ndio waliouzuia.

Wazazi wa chama kile wamesajili jina jipya, safari hii kwa jina la chama chenyewe, na katibu ameiandika tarehe ya ada ukutani karibu na kalenda. Wamechapisha vipeperushi upya kwa fedha walizokuwa wamezitenga kununulia viti vya magurudumu. Nimewaeleza kwamba sasa wanalo jina, na bado hawana kura. Katibu aliniuliza barua ya kuiomba iandikwe kwa nani. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, swali hilo nalielekeza kwenu.