Umeme wa Nyumbani Unaliwa na Joto, Si na Taa

Nyumba nyingi za Tanzania zinaamini kwamba umeme huisha haraka kwa sababu ya taa na chaja za simu. Imani hiyo hufundishwa mtoto kabla hajajua kusoma, hurudiwa redioni, na hubandikwa ukutani. Tangazo la aina hiyo lilibandikwa hivi karibuni kwenye korido ya nyumba moja ya kupanga, Tabata, Dar es Salaam, kwa maandishi ya kalamu nene: taa zote zizimwe saa tatu usiku, chaja zichomolewe, na atakayekaidi ataongezewa mchango wa LUKU. Hatua chache kutoka ukuta huo kuna bafu lenye hita ya maji ya kuogea. Tangazo halikusema neno juu ya hita. Imani hii ni ya uongo, inawatia watu hasara kila mwezi, na anayeumizwa zaidi ni mtoto mwenye mtihani ambaye huzimiwa taa akiwa katikati ya daftari.

Zamani imani hiyo ilikuwa kweli. Balbu ya waya, ile ambayo wengi waliiita glopu, ilitumia wati 60 au 100, na sehemu kubwa ya umeme wake ikageuka joto. Ndiyo maana ilimuunguza aliyeigusa. Nyumba yenye balbu tano za wati 100 zinazowaka saa tano kila usiku ilimaliza uniti 75 kwa mwezi kwa taa peke yake. Mzazi aliyepiga kelele kuhusu taa wakati ule alijua anachokisema. Leo balbu ya LED inayouzwa katika duka lolote la mtaani hutumia wati 9 au chini ya hapo. Balbu tano za namna hiyo, kwa saa zilezile, hazifiki uniti 7 kwa mwezi. Balbu imebadilika, lakini kelele za mzazi zimebaki zilezile.

Hesabu ya umeme haihitaji fundi. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Mwenye kujua wati za kifaa na muda kinaowaka anajua uniti zake, na wati huandikwa kwenye kibandiko nyuma au chini ya kifaa chenyewe. Bei nayo inajulikana. Kwa viwango vilivyotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa matumizi ya kawaida, kundi la T1, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ikiongezwa VAT ya asilimia 18, tozo ya REA ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, uniti hiyo hufika shilingi 356. Mteja wa matumizi madogo, kundi la D1, hulipa shilingi 100, yaani 122 pamoja na makato hayo, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, kila uniti ya ziada huhesabiwa kwa shilingi 350, ambazo makato huzifikisha 427.

Kwa bei hizo, mtoto wa darasa la saba anayesoma saa mbili kila usiku chini ya balbu ya wati 9 hutumia nusu uniti na kidogo kwa mwezi mzima. Kwa mteja wa T1 hiyo ni shilingi 192, bei ya andazi moja. Kwa mteja wa D1 ni shilingi 66. Chaja ya simu iliyoachwa kwenye soketi bila simu hunyonya robo ya wati au pungufu; ikiachwa hapo siku thelathini, usiku na mchana, haizidi shilingi 64 kwa bei ya T1. Hizo ndizo fedha zinazogombanisha wapangaji koridoni na kumnyima mtoto masomo. Ni aibu kwa mtu mzima kusimama mlangoni akilinda shilingi 66 huku mtoto akifunga kitabu.

Umeme unaliwa na joto. Kila kifaa kinachopasha, kinachochemsha, kinachokausha au kinachopoza hutumia umeme kwa kiwango ambacho taa haiwezi kukikaribia. Kuchemsha lita moja ya maji, kutoka joto la kawaida la bomba mpaka yatokote, huhitaji takriban sehemu moja ya kumi ya uniti. Kiasi hichohicho huiwasha balbu ya wati 9 kwa saa 11. Anayejaza birika la umeme lita moja na nusu kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai, kisha akayaacha maji mengine yapoe, amemwaga umeme wa taa ya usiku kucha. Tabia hii hufanyika asubuhi na jioni katika nyumba zinazojivunia kuzima taa.

Hita ya maji ya kuogea, ile inayofungwa juu ya bomba la bafu, ndiyo mlaji mkuu. Nyingi hutumia wati 3,500 hadi 5,500. Ya wati 4,500 ikiwashwa dakika kumi humaliza robo tatu ya uniti, ambayo kwa bei ya T1 ni shilingi 267. Kwa hiyo mtu mmoja akioga mara moja tu, amekwishamaliza umeme ambao mtoto angeusomea mwezi mzima na ukabaki. Watu wanne wakioga hivyo mara moja kila siku, hita hutafuna uniti 90 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 32,000. Nyumba hiyo imeshavuka kikomo cha uniti 75 kabla ya friji, pasi na televisheni kuhesabiwa, na hata ikikaa gizani kuanzia magharibi mpaka alfajiri haitarudi chini yake. Jijini Dar es Salaam, ambako maji ya tangi huwa ya vuguvugu kwa jua tupu sehemu kubwa ya mwaka, matumizi hayo hayana utetezi. Mbeya, Njombe na Arusha wana sababu ya baridi, na huko hita inayopashwa na jua juu ya paa ingestahili kuzungumzwa kwa nguvu ileile inayotumika kusemea taa.

Vifaa vingine hufuata kanuni hiyohiyo. Pasi ya wati 1,000 huanza kula kabla haijapata moto, hivyo anayenyoosha shati moja kila asubuhi hulipia kupasha chuma mara saba kwa wiki, wakati anayenyoosha nguo zote kwa mkupuo hulipia mara moja. Friji ndogo iliyo nzima hutumia karibu uniti moja kwa siku. Mpira wa mlango ukilegea, au sufuria ya moto ikiingizwa ndani, mashine hukosa kupumzika na uniti huongezeka. Kiyoyozi nacho kazi yake ni kutoa joto nje, na chumba chenye dirisha lisilofunga humfanya mwenyewe alipie kupoza mtaa. Jiko la koili lililo wazi hupoteza joto jingi hewani, wakati jiko la presha la umeme, lililofungwa na kufunikwa vizuri, huivisha maharage bila kufika uniti moja. Joto lenyewe halina kosa. Linalogharimu ni joto linalotoroka.

Wanaoshindwa hesabu hii hukimbilia kudai kwamba mita inakimbia. Dai hilo lilipata nguvu mwaka 2024, mita za LUKU zilipotakiwa kuingiziwa tarakimu za ziada kabla ya tarehe 24 Novemba. Ilisemwa kila kijiwe kwamba mita zimeongezwa mwendo. Sababu ilikuwa nyingine kabisa na ilizihusu mita za malipo ya kabla duniani kote: mfumo wa tokeni huhesabu dakika tangu Januari 1993, na nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo ilikuwa inajaa siku hiyo. Tarakimu zile zilibadilisha mwanzo wa kuhesabu tarehe. Hazikugusa upimaji wa umeme. Anayelalamika kwamba uniti zimepungua aangalie pia risiti yake, kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, na manunuzi yaliyokatwa kodi huleta uniti chache. Hapo kuna malalamiko ya haki: mpangaji hukatwa kodi ya mali isiyo yake, na wapo wenye nyumba wasiomrudishia hata senti. Lakini huo ni udhalimu wa mwenye nyumba, na mita haikuutenda.

Mita yenyewe hutoa ushahidi kwa yeyote anayejali kuitazama. Ina taa ndogo nyekundu inayokonyeza, na usoni pake huandikwa idadi ya mikonyezo kwa uniti, mara nyingi 1,000 au 1,600. Kwenye mita ya 1,000, balbu moja ya wati 9 ikiwaka peke yake, taa hiyo hukonyeza mara moja katika dakika sita na zaidi. Likiwashwa birika la wati 2,000, hukonyeza mara 33 kwa dakika. Kila kitu kikizimwa na taa ikaendelea kukonyeza, kuna waya unaovuja au jirani aliyejiunganisha, na hilo ni jambo la kumwita fundi mwenye leseni au kutoa taarifa TANESCO. Jaribio hilo huchukua robo saa na halina gharama, lakini wapiga kelele wa mita zinazokimbia hawalifanyi. Badala yake hununua visanduku vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kuokoa umeme. Ndani ya visanduku hivyo kwa kawaida kuna kapasita na taa ya rangi. Mita ya nyumbani hupima umeme uliotumika kweli, na kapasita haipunguzi hata chembe ya joto linalohitajika kuchemsha maji.

Dai la mwisho ni kwamba bei itashuka siku TANESCO itakapopata washindani, kama ilivyokuwa kwa kampuni za simu. Wanaolisema hutaja ndugu zao walioko Uingereza, wanaolinganisha bei na kuhama kampuni ya umeme wakiwa wamekaa sebuleni. Kampuni mbili za simu zinaweza kuwa na minara miwili. Nyumba ina waya mmoja tu unaotoka kwenye nguzo, na umeme unaopita humo ni ule wa Gridi ya Taifa, ukiwemo wa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, hata jina la muuzaji likiwa lingine. Uingereza yenyewe, baada ya miaka mingi ya ushindani, ililazimika mwaka 2019 kuweka ukomo wa bei kupitia msimamizi wake, Ofgem. Bei ya gesi ilipopanda mwaka 2021, karibu kampuni 30 zilianguka, wateja wakahamishiwa kwingine na gharama zikasambazwa kwenye bili za wote. Kenya ilifungua mlango wa ushindani kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, na bado familia ya Nairobi hununua tokeni za Kenya Power. Anayesubiri kampuni mpya ije kumpunguzia gharama huku hita yake ikiwaka amekabidhi mfuko wake kwa watu wasiomjua.

Ulinganisho wenye faida kwa nyumba ya Tanzania ni wa makundi ya bei. Tofauti ya shilingi 122 na 356 ni karibu mara tatu, na punguzo la namna hiyo ni gumu kulipata kwa kuhama kampuni tu. Uniti 75 zinatosha friji ndogo, taa zote, televisheni, feni na pasi ya mara moja kwa wiki. Hazitoshi hita ya bafuni. Hapo ndipo nyumba za kupanga zinapodhulumiwa: vyumba vitano vilivyofungwa kwenye mita moja huvuka 75 bila juhudi, na kila mpangaji hulipia bei ya juu ambayo peke yake asingeifikia. Kisha mchango hugawanywa kwa vyumba, mwenye balbu moja akamlipia mwenye hita. Mita ndogo ya ndani kwa kila chumba huonyesha nani ametumia nini na kumaliza ugomvi. LUKU ya kila mpangaji humrudishia pia haki ya bei ya matumizi madogo.

Hatua za kupunguza gharama zifuate ukubwa wa ulaji. Ya kwanza ni maji moto: hita izimwe penye joto la kutosha, muda wa kuoga ufupishwe penye baridi, na birika lijazwe kwa kipimo cha vikombe. Ya pili ni friji: mpira wa mlango ukaguliwe, chakula kipoe kabla ya kuingizwa, na mashine isogezwe kutoka ukutani ipate hewa. Ya tatu ni jiko na kiyoyozi: jiko lifunikwe joto lisitoroke, na chumba chenye kiyoyozi kifungwe vizuri. Ya nne ni pasi, ipangiwe siku yake. Ya tano ni kubadili glopu yoyote ya waya iliyosalia kwa LED. Taa ya chumba anachosomea mtoto iwe ya mwisho kabisa, na nyumba iliyofanya yote yaliyotangulia haitakuwa na sababu ya kuigusa.