Mafuta Hayajimwagi

Wahenga walituachia methali kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kila mwalimu wa Kiswahili katika shule za Kericho na Bomet ameifunza, na watahiniwa wengi wameiandikia insha. Ni wachache, hata hivyo, waliotua wakavitazama vitenzi vyake viwili. Vyote vimo katika kauli ya kutendeka: kimoja chaeleza hali, cha pili chaeleza lisilowezekana. Twaambiwa maji yako chini na kwamba hayarudi mtungini. Hatuambiwi ni nani aliyeupiga mtungi teke.

Mimi ni mwalimu wa isimu, nami sina ugomvi na methali. Ugomvi wangu ni na jinsi kauli hiyo inavyotumiwa kila mafuta yanapoharibu ardhi na maji ya watu. "Bomba limepasuka." "Mafuta yamemwagika." "Mto umechafuka." Sentensi tatu sahihi kabisa kisarufi, wala hamna mtenda hata katika moja. Na pasipo mtenda, hapana mdaiwa.

Msomaji atauliza haya yaihusu vipi nchi ya majanichai, isiyo na kisima hata kimoja cha mafuta. Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, malori ya mafuta hupita katika barabara zetu, na Sachangwan si mbali na hapa. Huko, Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliangamia baada ya lori la mafuta kupinduka na petroli kushika moto. Pili, mojawapo ya mashauri yaliyopima kama kampuni kubwa ya ng'ambo yaweza kudaiwa kwa madhara yaliyotokea Afrika lilitoka papa hapa Kericho.

Lakini tuanze na Thange, katika Kaunti ya Makueni. Mnamo Mei 2015 iligunduliwa kwamba mafuta yalikuwa yakivuja kutoka bomba la Kampuni ya Mabomba ya Mafuta ya Kenya, bomba lililojengwa katika miaka ya 1970. Yaliingia katika udongo na katika mto ambao wakazi waliutegemea kwa kunywa, kunyweshea mifugo na kumwagilia mashamba. Walidai haki yao miaka kumi. Julai 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliiamuru kampuni hiyo kuwalipa zaidi ya shilingi bilioni 3. Hukumu ile, ukiitazama kwa jicho la mwanaisimu, ilimrudisha mtenda mahali pake katika sentensi.

Thange mdaiwa alijulikana, tena ni shirika la humu nchini. Mambo huwa magumu zaidi mwenye mali akiwa ng'ambo. Katika Delta ya Niger, wataalamu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira walitoa ripoti mwaka 2011 wakionyesha kwamba maji ya visima katika sehemu moja ya Ogale yalikuwa na benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Watu wa Ogale na jirani zao wa Bille waliishtaki Shell huko London. Wakajibiwa kwamba mabomba ni ya kampuni tanzu ya Nigeria, basi wakaidai hukohuko. Mahakama mbili zilikubaliana na utetezi huo. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikautengua, ikasema madai dhidi ya kampuni mama yana msingi wa kutosha kusikilizwa.

Watu wa Kericho walikuwa wamebisha mlango huohuo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, makundi ya wavamizi yaliingia katika mashamba ya Unilever, yakaua, yakabaka na kupora. Waathiriwa 218 walidai huko London kwamba kampuni ilipaswa kuiona hatari na kuwakinga. Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ilisema kampuni ya Kenya ndiyo iliyojiamulia mambo yake ya usalama, hivyo kampuni mama haikuwajibika. Shauri likakomea hapo kabla ushahidi haujasikilizwa wote.

Kiswahili kimezikubali istilahi za kampuni mama na kampuni tanzu bila kuuliza maswali. Ni mama gani huyu ambaye faida humfikia kila mwaka, lakini siku ya deni husema hamjui mwanawe? Katika vijiji vyetu, ng'ombe wakila mahindi ya jirani, wazee hawamwiti ndama barazani. Humwita mwenye boma. Nalo swali la mahakama ya 2021 lilikaribia sana lile la wazee: ni nani hasa aliyekuwa akitoa maagizo?

Kuna hila nyingine, nayo ni ya kubadilisha jina. Machi 2025 Shell ilikamilisha kuiuza kampuni yake tanzu ya Nigeria kwa muungano wa Renaissance. Hapa kwetu, Finlays iliuzia Browns ya Sri Lanka mashamba yake mwaka 2023. Unilever nayo iliuza biashara yake ya chai mwaka 2022, na mwaka 2024 ukatangazwa mkataba wa Browns kuyanunua mashamba yale pia. Kuuza mali si kosa. Lakini udongo uliolowa mafuta hauhami na mwuzaji, wala mjane wa 2008 haponi kwa sababu kibao cha langoni kimepakwa rangi mpya.

Makampuni yana jibu, na ni haki tulisikilize. Husema kwamba wezi hutoboa mabomba, na kwamba waliovamia mashamba ya Kericho hawakutumwa na meneja yeyote. Ni kweli. Mwizi aadhibiwe. Hata hivyo, anayefuga simba hawezi kujitetea kwamba mtoto mtundu ndiye aliyefungua tundu. Mwenye kitu cha hatari, mwenye kupata faida nacho, ndiye mwenye wajibu wa kukilinda.

Sheria tunayo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 chamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani bila ya kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kuumia. Hatuna sababu ya kungoja mto uchafuke. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet nazo zidai kwamba kila mkataba wa kuuza shamba kubwa utamke wazi nani anarithi madeni ya zamani, si miche na viwanda peke yake.

Nanyi walimu wenzangu, kazi yenu ni nyepesi lakini si ndogo. Mnapofunza kauli ya kutendeka, chukueni habari ya gazeti la siku hiyo, mwambie mwanafunzi aigeuze sentensi iwe katika kauli ya kutenda. Akishindwa kwa kuwa jina la mtenda halimo katika habari, mwulizeni kwa nini limeachwa, na ni nani anayefaidika kwa kuachwa kwake.