Takwimu Haziokoi Mkeka Mrefu

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Zinga, barabara ya Bagamoyo. Jumamosi asubuhi wateja wangu wengi ni bodaboda na wavuvi wa Mlingotini, wanaweka buku (shilingi elfu), buku mbili, tano kwa nadra. Hela haikai kwenye simu, inakwenda kubeti. Wakiweka napata kamisheni, wakitoa napata pia. Wa kutoa ndio siwaoni.

Vijana hawa si wajinga. Watakwambia nani ana kadi za njano, nani hafungi ugenini, kocha gani hupumzisha nyota wake kabla ya mechi ya Afrika. Siku hizi wana hata programu za kutabiri kwa takwimu. “Mama, hii data haidanganyi,” huniambia. Nami hubishana nao hapo hapo, kwa sababu hata data ya kweli haiuokoi mkeka mrefu, yaani tiketi ya mechi nyingi ambayo ukikosa moja umekosa yote.

Wamarekani wameshalipima jambo hili kwenye besiboli, mchezo ambao kila tukio lake huandikwa. Mpigaji hodari kule hukosa mara 7 katika 10. Ila kwa mechi moja hupata zamu kama 4, hivyo uwezekano wa kupatia japo mara moja ni kama 76 kwa 100. Ukipiga hesabu ya mrushaji anayemkabili, uwanja, na kama yumo miongoni mwa wanaoanza kupiga, utampata hata wa 80 kwa 100. Mwaka 2001 ligi yao ilianzisha shindano: mteue mpigaji wa siku atakayepatia japo mara moja, uteuzi wako utimie mara 57 mfululizo, yaani umpite Joe DiMaggio aliyepiga mechi 56 mfululizo mwaka 1941. Zawadi ilifika dola milioni 5.6, na zaidi ya miaka 20 ikapita bila mshindi. Zidisha 80 kwa 100 mara 57: unabakiwa na bahati moja katika 330,000 hivi.

Sasa njoo kwenye mkeka wa mechi 10. Hata kila mechi ikiwa na 80 kwa 100, mkeka mzima kutiki ni 11 kwa 100. Na kampuni inakata chake kwenye odi ya kila mechi. Ikikata 5 kwa 100 tu, kwa mechi 10 buku yako ina thamani ya shilingi 600 kabla filimbi haijapulizwa. Ndiyo maana kampuni haziogopi mikeka mirefu, bali huipa bonasi.

Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilikwenda Mbarali ikiwa na mechi 49 za ligi bila kufungwa. Timu ya wenyeji, Ihefu, ikaipiga 2-1. Aliyeiweka Yanga hakukosea kitakwimu. Kosa lilikuwa kuiunganisha na mechi nyingine tisa na kuuita mkeka huo hakika.

Ninaiomba Bodi ya Michezo ya Kubahatisha jambo moja. Kila mkeka huonesha kwa herufi kubwa kiasi utakachoshinda. Kampuni zilazimishwe kuonesha kando yake, kwa herufi hizo hizo, uwezekano wa mkeka mzima kutiki. Hesabu hiyo wanayo, maana odi wanapanga wenyewe. Mtu mzima akiiona 11 kwa 100 na bado akaweka buku yake, sitamsemesha. Nitamhudumia kama kawaida.