Mahafali Yapangwe kwa Kulitazama Ziwa

KILA mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, vyuo vikuu vyetu hufanya mahafali. Katika majuma hayo barabara ya Mkuyuni, Butimba na Nyegezi huwa na watu waliovaa vitenge vya sare, na wengi wao si wenyeji wa mjini. Wametoka Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome, wamekuja kumshuhudia mtoto wao akitunukiwa shahada. Fahari hiyo wazee wao hawakuipata. Chuo Kikuu kilipofungua milango yake Dar es Salaam Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi 14 tu, na kwa miaka mingi baadaye mzazi wa kisiwani mwenye mtoto chuoni aliweza tu kusimuliwa habari za mahafali. Tangu Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilipoanzishwa Malimbe mwaka 1998, na baadaye chuo cha afya cha Bugando, sherehe hiyo imesogea hadi ng'ambo ya maji.

Lakini maji hayo hayajapungua upana. Familia ya Butimba ikiambiwa kwamba sherehe itaanza saa tatu asubuhi, huamka alfajiri, ikapiga pasi nguo na kupanda daladala. Familia ya Bwisya, kule Ukara, ikiambiwa saa hiyo hiyo, hupaswa kuwa imekwisha safiri tangu juzi: kivuko hadi Bugolora, gari hadi Nansio, kisha meli hadi Mwanza; au izunguke kwa kivuko cha Rugezi na Kisorya na kushika barabara ya Bunda. Siku moja ya mhitimu ni siku tatu au nne za wazazi wake. Ndugu wa Butimba aliyepanga vyumba viwili huwapokea watu kumi na wawili, na bado husema karibuni.

Kwa maoni yetu, hatari kubwa haimo katika kuja bali katika kurudi. Sherehe iliyopangwa kuanza saa tatu ikicheleweshwa kwa kumngojea mgeni rasmi, huisha jioni. Picha hazijapigwa, chakula hakijaliwa, na meli ya siku imekwisha ng'oa nanga. Hapo ndipo hutokea mtu, mara nyingi kijana mwenye haraka kuliko busara, akashauri kwamba mwalo wa Kirumba haukosi mtumbwi wa injini, wenye nafasi au unaoweza kupatiwa nafasi.

Wataalamu wa hali ya hewa wameeleza kwamba dhoruba za Ziwa Victoria hushika kasi zaidi usiku na kabla ya mapambazuko. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa lenye joto, mawingu yakapanda. Wavuvi wetu walilijua hilo kabla ya wataalamu. Basi familia iliyochoka, yenye wazee na watoto, iliyovaa nguo za sherehe na kubeba zawadi, huingia majini katika saa zile zile ambazo ziwa haliaminiki, tena katika majira ya vuli.

Hatuandiki haya kwa kuwatisha watu. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati ya Bwisya, na watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Wote waliokuwamo walikuwa na sababu njema ya kutaka kufika siku ile ile, wala hapakuwa na wimbi kubwa la kulaumiwa. Siku ya mahafali, kama siku ya gulio, huwakusanya watu wengi penye chombo kimoja kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa vyuo watangaze tarehe ya mahafali angalau miezi mitatu kabla, na wakiisha kuitangaza wasiigeuze. Waanze kwa saa waliyoitaja, awepo mgeni rasmi au asiwepo. Kampuni ya meli ya Serikali ipewe tarehe hizo mapema, ili siku ya pili yake pawe na safari ya kutosha kwenda Nansio. Shirika la Uwakala wa Meli nalo lipeleke maofisa wake mwaloni jioni ya siku hiyo, wahesabu vichwa na jaketi za kujiokolea. Na mshereheshaji, ambaye hutumia muda mrefu kutambulisha wageni wa meza kuu, anaweza kutumia dakika moja kusoma utabiri wa ziwa uliotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Wenzetu wa Kome wamepata nafuu: tangu daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilipofunguliwa Juni 2025, wakivuka hadi Nyakaliro safari yao iliyobaki ni ya barabara. Ukerewe na Ukara hawana daraja.

Upande wa familia kuna neno gumu zaidi, nalo ni nani asafiri. Kadi za wageni huwa chache, mara nyingi mbili kwa mhitimu, na ndugu huwa thelathini. Desturi yasema baba na mama ndio wa kwanza. Sisi twasema desturi hiyo ni njema, ila kama ada ililipwa na mjomba kwa samaki wake, au mtoto alilelewa na nyanya, kikao cha familia kiseme hivyo waziwazi mwezi mmoja kabla, mbele ya wazee, wala jambo hili lisiachwe likaamuliwa kwenye lango la chuo. Wasiopata kadi wasisafiri kwa ajili ya kusimama nje ya uzio. Karamu iwangoje nyumbani, Nansio, Ilangala au Bwisya, Jumapili inayofuata, mhitimu akiwa na joho alilopewa ruhusa ya kubaki nalo siku hizo. Vyuo vinavyodai joho lirudishwe upesi viwaongezee siku wahitimu wa visiwani. Karamu ya namna hiyo ni nafuu pia, kwa maana mhitimu aliyesomeshwa kwa mkopo atakuja kukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na hapendezwi kuanza kazi akidaiwa na ng'ombe wa sherehe.

Watakaokwenda mjini walale Butimba usiku wa mahafali, na tiketi za kurudi wakate siku ile wanapokata za kwenda.