Kufunga Barabara Si Dawa ya Makamyo

Wandugu wa Likasi, Kikula, Panda na Shituru,

Maneno ni mengi mjini juu ya msongamano wa magari. Wengine wanasema serkali ifunge barabara fulani za katikati, nyingine ziwe njia za kwenda upande mmoja tu, na shida itakwisha. Sisi tunauliza: gari linalofukuzwa hapa litapita wapi?

Wazee wetu waliujua mji huu ulipoitwa Jadotville, jina lililoondolewa mwaka 1966. Kabla ya 1960, mwafrika aliyekutwa usiku katika mitaa ya wazungu bila karatasi alikamatwa na polisi. Barabara ilikuwa imefungwa, ingawa hakuna aliyeweka mti wala jiwe. Ndiyo sababu tukisikia neno "kufunga" tunataka kujua upesi: inafungiwa nani?

Mzigo wa Likasi si motokari ya mwalimu wala pikipiki ya kijana. Ni makamyo. Barabara kubwa itokayo Lubumbashi kwenda Kolwezi inapita kwetu. Makamyo yanapanda na asidi ya migodi, yanateremka na shaba na kobalti kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Hatukusahau Februari 2019: huko upande wa Tenke kamyo la asidi liligongana na magari mengine, wakafa watu zaidi ya 15.

Kamyo halipotei kwa sababu ya kibao. Ukilifungia njia pana, litatafuta njia nyembamba, katikati ya nyumba za watu. Tena njia ya upande mmoja ina hila yake: dereva asiyeogopa gari la mbele hukanyaga mafuta. Mama mwenye beseni la samaki kichwani atavuka namna gani? Na mwenye pusupusu atazunguka mitaa minne kwa jasho lake, wakati mwenye motokari anazunguka ameketi.

Hatukatai utaratibu. Lakini uanze na makamyo: yapewe njia yao nje ya mji, na mpaka siku ile yapewe saa zao, si saa za watoto kwenda shule wala saa za wafanyakazi kubadilishana zamu. Makampuni ya migodi yalipe, maana mzigo ni wao. Na kabla ya kibao kimoja kusimamishwa, meya na mabugumestri wawaite wakaaji wa mitaa ile pamoja na wauzaji wa soko, wawasikilize wakiwa wamesimama barabarani penyewe, saa ya makamyo kupita.