Nani aliyeipiga ribiti? Funzo la ndege za kuundwa nyumbani kwa shule zetu

Mwezi wa Julai mwaka 2019, ndege ndogo ya viti vinne ilitua Misri baada ya safari ya takriban kilomita 12,000 kutoka Cape Town. Ndege hutua Cairo kila siku, na habari hiyo isingekuwa na uzito wowote lau si jambo moja: ndege hiyo ilikuwa imeundwa na vijana 20 wa Afrika Kusini. Aliyeuanzisha mradi huo alikuwa msichana wa miaka 17. Njiani walitua Namibia, Malawi, Zanzibar, Uganda na Ethiopia, na walioishika usukani kwa zamu walikuwa vijana sita miongoni mwao waliokuwa wamekwisha kupata leseni ya urubani.

Nilipoisoma habari hiyo nilikutana na maoni ya namna mbili. Wako waliosifu kupita kiasi, wakasema vijana hao wamebuni ndege. Na wako waliobeza, wakasema hawakuunda chochote bali walinunua vipande kiwandani na kuviunga kama mtoto aungavyo gari lake la kuchezea. Miaka imepita tangu siku hiyo, lakini mjadala huo naona ungali hai, kwa sababu nyuma yake limejificha swali ambalo walimu na wanafunzi wa nchi hii hawana budi kulijibu: kazi ya mtu huitwa yake kwa kipimo gani?

Tuanze na ukweli wa mambo. Ndege ile ni ya aina iitwayo Sling 4, na vipande vyake vilitengenezwa na kampuni ya The Airplane Factory ya Johannesburg. Vijana walipokea maelfu ya vipande vidogo vidogo, wakaviunga kwa muda wa wiki tatu. Injini na vyombo vya urubani vilifungwa na mafundi waliobobea. Safarini waliandamana na ndege nyingine iliyoongozwa na marubani wenye uzoefu. Haya yote hayakufichwa, yalitangazwa wazi. Kwa hiyo aliyesema kwamba vijana wale walibuni ndege alitia chumvi, na aliyesema kwamba hawakufanya lolote haijui kazi ya kuunga bamba la alumini.

Kazi hiyo ni ipi? Alumini tupu ni laini, na kila aliyeangusha sufuria jikoni anajua jinsi inavyobonyea. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Alfred Wilm aligundua kwamba alumini iliyochanganywa na shaba na magnesi kidogo, ikipashwa moto kisha ikapozwa ghafla, huendelea kuwa ngumu kwa siku kadhaa baadaye. Ugunduzi huo ndio ulioifanya madini hiyo nyepesi istahili kubeba watu angani. Mabamba ya jamii hiyo, ambayo katika ndege ndogo mara nyingi hayafiki unene wa milimita moja, ndiyo ngozi ya mabawa na kiwiliwili cha ndege.

Mabamba hayo hayachomelewi ovyo, kwani joto huidhoofisha ile nguvu iliyotafutwa. Huungwa kwa ribiti. Fundi hutoboa tundu, huzilainisha kingo zake, huitia ribiti, kisha huigonga huku mwenzake amekinga upande wa pili kwa kipande kizito cha chuma. Mkia wa ribiti hufura na kuwa kichwa cha pili. Kipimo chake kinajulikana: upana wa kichwa hicho uwe mara moja na nusu ya unene wa ribiti, na kimo chake kiwe nusu ya unene huo. Ikienda kombo hutobolewa, ikatolewa, na nyingine ikatiwa mahali pake. Ziko pia ribiti za kuvuta, ambazo fundi huzifunga akiwa upande mmoja tu wa bamba. Hizo humpunguzia jasho, lakini hazimwondolei wajibu wa kuwa na tundu safi. Na kazi hii hurudiwa mara maelfu, bila mtu wa kushangilia.

Msomaji huenda akauliza: je, tundu moja dogo lina maana gani katika chombo kizima? Jibu lilipatikana kwa machozi. Mwezi Mei mwaka 1952, ndege aina ya Comet ya Uingereza ilianzisha safari za kwanza za abiria kwa injini za jeti, kutoka London hadi Johannesburg, ikipitia Entebbe. Mwaka 1954, katika muda wa miezi mitatu, Comet mbili zilipasuka angani juu ya bahari karibu na Italia na wote waliokuwamo wakafa. Wachunguzi wa Farnborough waliutia mwili wa Comet nyingine ndani ya tangi la maji, wakaujaza na kuupunguza shinikizo tena na tena, hadi wakaona jinsi ufa mdogo unavyozaliwa katika mabamba karibu na pembe za madirisha, ukakua kimyakimya kila safari, hata siku moja bamba likaachana. Chuma nacho huchoka, na uchovu wake hupenda kuanzia penye tundu.

Wala jambo hili si hadithi ya kale. Kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon, Marekani, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973, imewauzia watu binafsi vipande vya ndege za alumini, na ndege zaidi ya 11,000 za aina zake zimekwisha kuruka. Mwaka 2023 ilibainika kwamba baadhi ya vipande vyake, ambavyo matundu yake yalikatwa kwa leza, vilikuwa vikipata nyufa pindi mjenzi alipoyabonyeza matundu hayo ili kichwa cha ribiti kilale sawa na bamba. Miongoni mwa walioziona nyufa hizo walikuwa wajenzi wenyewe, katika karakana zao za nyumbani. Mzigo wa kuvibadilisha vipande hivyo, pamoja na matatizo mengine ya fedha, uliifanya kampuni hiyo iombe ulinzi wa mahakama mwezi Desemba mwaka 2023, kabla ya kusimama tena mwaka 2024. Nyufa zisizofika urefu wa ukucha ziliitikisa kampuni ya miaka 50. Na zilionekana kwa sababu wako watu waliozoea kulitazama kila tundu kwa macho yao wenyewe.

Hapa ndipo tunapofikia kipimo nilichokitaja. Sheria ya Marekani inamruhusu raia kuunda ndege yake mwenyewe, kwa masharti. Sharti la kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa na mtu asiye kiwanda, kwa ajili ya elimu au burudani yake. Watu huliita sharti la asilimia 51. Mkaguzi anapokuja huutazama uungaji, lakini pia huomba daftari na picha zinazoonyesha kazi ilivyoendelea hatua kwa hatua. Ndege ikikubaliwa, hupewa kwanza saa za majaribio, kwa kawaida 40, au 25 iwapo injini na rafadha yake ni za aina iliyokwisha kuthibitishwa. Ndani yake hubandikwa onyo la kumwarifu abiria kwamba chombo hicho kimeundwa na mtu binafsi na hakikufuata kanuni za ndege za kawaida.

Kisha liko jambo linalonivutia kuliko yote. Aliyeiunda ndege anaweza kupewa cheti cha kuikagua yeye mwenyewe kila mwaka. Lakini akiiuza, cheti hicho hakimfuati mnunuzi. Ndege inauzika, ujuzi wa mkono ulioipiga ribiti hauuziki.

Naam, na sasa nirudi nyumbani. Tuliosoma katika miaka ya mwanzo ya mfumo wa 8-4-4, ulioingizwa mwaka 1985, tunakumbuka somo la sanaa na ufundi. Ilitupasa kuchonga, kusuka na kufinyanga. Nami nakiri leo hadharani: mwiko niliopeleka shuleni niliununua sokoni. Mwalimu alijua, mzazi wangu alijua, na muuzaji alijua zaidi, kwani msimu huo ndio uliokuwa wake. Nilipewa alama nzuri kuliko mwenzangu aliyeuchonga wake kwa mikono yake ukatoka umepinda. Mimi hadi leo sijui kuchonga mwiko.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, ulikuja na ahadi ya kuuponya ugonjwa huo. Kwa bahati mbaya naona ugonjwa wenyewe umebadilisha nguo tu. Mradi wa mtoto hufanywa na baba usiku, picha huchapishwa dukani, na sanamu hununuliwa kwa fundi wa mtaani. Hasara yake haiishii kwenye aibu. Tangu tathmini ya KJSEA ilipofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, asilimia 20 ya alama za kumpeleka mwanafunzi katika sekondari pevu hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Alama hizo zikiwa za mkono wa mzazi, mtoto wa maskini aliyefanya kazi yake mwenyewe ndiye anayenyang'anywa nafasi, na yule aliyepewa nafasi hiyo anaingia katika karakana bila kujua ajuacho na asichokijua.

Sitetei kwamba kila shule iunde ndege. Shule nyingi hazina hata meza ya useremala, na vipande vya ndege ni ghali. Aidha, hatari ipo na haifai kufichwa. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, uliotolewa mwaka 2012, ulionyesha kwamba ndege za kuundwa nyumbani hupata ajali kwa kiwango kikubwa kuliko ndege ndogo za viwandani, na kwamba nyingi ya ajali hizo hutokea mapema katika maisha ya ndege. Sababu zilizotia fora zilikuwa kuharibika kwa injini na rubani kushindwa kuidhibiti ndege. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaoilaumu halmashauri ya usafiri wa ndege kila inapomzuia kijana kupaa kwa chombo cha mabati na injini ya pikipiki. Vijana wa namna hiyo tumewaona mara nyingi katika habari zetu. Tunawashangilia asubuhi, na chombo kikikataa kuinuka tunawacheka jioni. Kipaji wanacho. Walichonyimwa ni michoro, madini yanayofaa na mkaguzi wa kuwaambia mapema, kwa heshima, kwamba ribiti hii haifai. Anayezuia bila kufundisha amefanya nusu ya kazi, na anayeshangilia bila kukagua hakufanya kazi yoyote.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Mosi, miradi ipunguzwe idadi, ili ile michache ifanyiwe darasani mbele ya mwalimu. Pili, kila mwanafunzi awe na daftari la kazi yake, lenye tarehe, vipimo na makosa aliyoyafanya, na mwalimu akague daftari kabla ya kukagua kifaa. Tatu, mwanafunzi aulizwe arudie hatua moja papo hapo, kwani aliyepiga ribiti mia hashindwi kupiga moja. Nne, msaada utajwe. Vijana wa Afrika Kusini hawakupungukiwa heshima kwa kusema kwamba injini ilifungwa na mafundi. Mtoto aliyesema kwamba alisaidiwa kukata mbao asinyang'anywe alama, anyang'anywe aliyenyamaza.

Na la tano ni matunzo. Siku ndege iliyoundwa nyumbani inaporuka kwa mara ya kwanza, kazi imeanza tu. Kila miezi 12 hufunguliwa vifuniko, zikatafutwa nyufa, bolti zilizolegea na ule unga mweupe unaoonyesha kwamba alumini inaliwa. Penye hewa ya bahari kama Lamu na Mombasa, kazi hiyo huhitaji macho makali zaidi. Mwaka 1988 ndege ya Aloha Airlines, iliyozoea safari fupi fupi kati ya visiwa vya Hawaii, ilipasuka paa ikiwa angani kwa sababu ya kutu na uchovu wa mabamba penye mistari ya ribiti, na mhudumu mmoja akapotea baharini. Nasi shuleni hukata utepe wa maabara kwa mbwembwe, na baada ya miaka miwili mifereji haitoi maji. Kwa nini mwanafunzi asipewe alama kwa kukitengeneza kiti kilichovunjika, kama apewavyo kwa kuunda kipya?

Mwenzangu yule wa mwiko uliopinda sijui maisha yalimpeleka wapi. Lakini kama ningelazimika kupanda ndege iliyoungwa na mmoja wetu wawili, najua ningechagua mkono wa nani.