Mtungi wa gesi Msasani: nishati safi ndani ya chumba kimoja

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dar es Salaam tarehe 8 Mei, 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Siku chache baadaye, tarehe 14 Mei, Rais alikuwa miongoni mwa wenyeviti wenza wa mkutano wa Paris kuhusu nishati hiyo barani Afrika. Taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 zimeelekezwa kuachana na kuni na mkaa, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umesambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Katika yote hayo, mengi yamesemwa kuhusu bei ya mtungi na namna ya kuupata. Machache yamesemwa kuhusu chumba ambamo mtungi huo unakwenda kukaa.

Kata ya Msasani, Manispaa ya Kinondoni, inaonyesha suala hilo waziwazi. Upande wa rasi, katika majengo ya ghorofa, mitungi mikubwa mara nyingi hufungwa nje, nyuma ya ukuta, na gesi ikaingia jikoni kwa bomba. Mwendo mfupi kutoka hapo, Bonde la Mpunga na Mikoroshini, familia nyingi zimepanga chumba kimoja au viwili, na mtungi wa kilo 6 husimama kati ya kitanda na mlango. Enzi za mkaa, moshi na joto vilimlazimu mpishi kutoa jiko barazani au uani. Gesi haina moshi wa kumfukuza mtu, hivyo jiko limeingia ndani, na pamoja nalo imeingia hatari ambayo wapangaji hawakuwa nayo.

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, uliogandamizwa hadi ukawa kimiminika. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takribani mara moja na nusu, na butani kwa mara mbili. Gesi inayovuja kwa hiyo haipai ikatoka kupitia matundu yaliyo juu ya dirisha, kama wengi wanavyodhani. Hushuka, ikatambaa sakafuni, ikajaa chini ya kitanda na kwenye mifereji ya maji machafu. Haina harufu ya asili. Ile harufu kali inayofanana na ya kitu kilichooza huongezwa makusudi ili ivujapo ijulikane.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, kina mita za ujazo 22.5 za hewa. Gesi hii huweza kulipuka inapofikia takribani asilimia 2 ya hewa iliyomo. Kiasi hicho, ndani ya chumba hicho, ni kama kilo moja tu ya gesi, yaani sehemu ya sita ya mtungi mdogo. Na kwa kuwa gesi hukusanyika chini kabla ya kuchanganyika na hewa yote, hata kiasi pungufu ya hapo hutosha kuwasha moto usawa wa godoro.

Aina ya jiko nayo ina uzito wake. Kaya nyingi zenye mtungi wa kilo 6 hutumia jiko linalofungwa moja kwa moja juu ya mtungi. Ni rahisi kulibeba na halihitaji mpira. Lakini chakula cha kila siku cha kaya hizo ni ugali, na ugali husongwa kwa nguvu. Kila mwiko unapokandamiza sufuria, nguvu hiyo hushuka hadi kwenye maungio ya jiko na valvu, na mtungi wenyewe huyumba. Sufuria kubwa nayo hurudisha joto chini, kuelekea valvu. Kwa familia yenye watoto wanaopita hapo kila dakika, jiko la mezani lenye mpira na regulata, mtungi ukiwa umesimama sakafuni pembeni, ni salama zaidi. Lina gharama ya ziada, na pengine ndiyo gharama ambayo mipango ya ruzuku ingepaswa kuitazama mapema kuliko kuongeza idadi ya mitungi.

Mpira huo nao una umri wake. Hukauka, hupasuka karibu na vibano, na panya huutafuna. Kwa wakazi wa Msasani kuna jambo jingine lisilowahusu sana watu wa Dodoma: upepo wa bahari. Chumvi yake hula chuma cha mtungi, hasa kitako kinachogusa sakafu yenye unyevu, na hula vibano na regulata. Bonde la Mpunga, ambako maji ya mvua huingia ndani ya nyumba, mtungi unaweza kukaa ndani ya maji kabla ya kukauka na kuanza kutu upya. Kuuweka juu ya tofali, kuufuta, na kuukataa mtungi wenye kutu iliyochimba au mbonyeo wakati wa kubadilishana dukani ni mambo yasiyogharimu fedha. Mteja ana haki ya kuukataa mtungi wa namna hiyo kabla haujatoka dukani.

Kuvuja hupimwa kwa povu la sabuni. Povu hupakwa kwenye maungio yote baada ya kufunga mtungi mpya. Likitoa mapovu yanayokua, gesi inapita. Kiberiti hakitumiki kamwe kwa kazi hiyo, ingawa bado wapo wanaokitumia. Harufu ikisikika ndani, valvu ya mtungi hufungwa, milango na madirisha hufunguliwa, na watu wote hutoka. Swichi ya taa haiguswi, wala kuwashwa wala kuzimwa, kwa sababu cheche hutokea katika hali zote mbili. Jokofu lililo katika chumba hichohicho hujiwasha na kujizima lenyewe, na hilo ni sababu tosha ya kutorudi ndani kulichomoa. Simu kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, hupigwa kutoka nje. Baada ya kupika, gesi hufungwa kwenye mtungi, si kwenye jiko pekee.

Si kila kitu kiko mikononi mwa mpishi. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) inawataka wauzaji wawe na mizani, na wanunuzi wengi huielewa mizani hiyo kama kinga dhidi ya kupunjwa. Ni kweli, lakini mizani ina kazi ya pili. Mtungi huandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Ukiongeza kilo 6 hupatikana uzito unaotakiwa. Mtungi uliozidi hapo ni hatari kuliko uliopungua, kwa kuwa kimiminika hutanuka kwa joto na lazima kibakiziwe nafasi. Mitungi iliyojazwa kienyeji, kwa kumimina kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo uani kwa mtu, ndiyo inayobeba hatari hiyo, na ndiyo sababu mamlaka hupiga marufuku biashara hiyo.

Majirani wa Kenya wameona mwisho wa uzembe wa aina hiyo. Usiku wa tarehe 1 Februari, 2024, mlipuko ulitokea katika eneo la kujazia gesi Embakasi, Nairobi, katikati ya makazi. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya nchi hiyo ilieleza kuwa maombi ya kibali ya eneo hilo yalikuwa yamekataliwa mwaka 2023, sababu mojawapo ikiwa ni wingi wa watu wanaolizunguka. Kibali kilikataliwa, shughuli ikaendelea. Kwa Dar es Salaam, swali la kuwauliza wenyeviti wa mitaa ni kama wanafahamu gesi inajazwa wapi katika maeneo yao, kwa sababu mkaguzi hawezi kufika kila uani.

Yupo pia mwenye nyumba. Mazungumzo ya kodi hugusa umeme, maji na miezi ya kulipa. Nafasi ya kupikia yenye tundu la hewa chini, usawa wa sakafu, haitajwi. Nondo za madirisha huzuia wezi, na huzuia pia watu kutoka. Vichochoro vinavyopitisha bodaboda iliyobeba mtungi havipitishi gari la zimamoto.

Jirani na Msasani, huko Mikocheni, baadhi ya nyumba zimeunganishwa na gesi asilia kupitia mradi wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC). Gesi hiyo ni tofauti: sehemu yake kubwa ni methani, ambayo ni nyepesi kuliko hewa na hupanda darini. Tundu lake la hewa hukaa juu, si chini. Bomba hilo likifika Msasani, wakazi waliozoea mtungi watalazimika kujifunza upya, na mafundi watakaowafungia itabidi wajue ni tundu lipi la kutoboa.